Mwalimu Benedikta Ngollo, Aliyewapa Watoto Miti Yao

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Umoja kutoka Igalula, Sikonge na Tabora mjini, leo Alhamisi, tarehe 21 Juni 1984, tunamlaza Mwalimu Benedikta Ngollo. Wengi wenu mlipita mikononi mwake mkiwa na chaki vidoleni. Wengine mlipita mkiwa na karoti ya wizi mfukoni, na habari hiyo haitafichwa hapa, kwa sababu yeye mwenyewe hakuificha.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1929 huko Igalula, nyumba chache kutoka stesheni. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Ngollo, mfanyakazi wa genge la reli, na Mama Nyamizi, aliyekuwa akiuza matunda kwenye madirisha ya treni. Mapera na maembe mazuri yalikuwa ya abiria. Watoto wa nyumbani walipewa yaliyopondeka, tena baada ya treni kuondoka. Marehemu alipenda kusimulia kwamba siku moja, akiwa bado mdogo, alishindwa kujizuia akauma pera lililokwisha kununuliwa, akamkabidhi mwenyewe likiwa na alama ya meno. Abiria akalitazama pera, akamtazama na yeye.

“Bibi mdogo, umenionjea. Ni tamu?”

“Ni tamu. Shikamoo.”

Treni ikaondoka. Alichapwa jioni ile, lakini alisema fimbo hazikumtoa utamu mdomoni.

Masomo aliyaanza mwaka 1938 katika shule ya misheni, akaendelea kwa masista mpaka akapata cheti cha ualimu mwaka 1948. Katika shule zile za zamani, mwanafunzi aliyechelewa au aliyesema Kinyamwezi darasani alipelekwa kupalilia bustani ya mboga. Benedikta alikuwa msemaji, kwa hiyo bustani aliijua vizuri. Kabichi aliichukia kwa miaka mingi. Alipoanza kufundisha Igalula mwaka 1949 aliweka sharti moja, nalo hakulivunja mpaka mwisho: hakuna mtoto atakayepewa jembe kama adhabu. Alisema mtoto akipalilia mboga huku analia, atazila huku ananuna.

Tarehe 18 Julai 1953 alifunga ndoa na Bwana Nikolaus Masolwa, mfuga nyuki wa Kapembe, upande wa Sikonge, akahamia kufundisha huko. Walijaliwa watoto wanne: Masele, Kashindye, Shilinde na Kalunde. Kila msimu wa asali mume na mke walipanda baiskeli mpaka Tabora mjini, kwenye duka la Bwana Velji, aliyenunua asali na nta. Huko ndiko alikofahamiana na mke wa Velji, Bibi Gangaben, ambaye hakuwa mtu wa kumwacha mgeni asimame barazani.

“Mwalimu, watoto wako wanakula nini?” Gangaben alimwuliza siku ya kwanza.

“Wanakula vizuri. Ugali, nyama ya porini, asali.”

“Na majani?”

“Majani ni ya mbuzi, mama.”

Gangaben alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa sari, kisha akamshika mkono akampeleka uani. Nyuma ya duka, katika eneo lisilozidi upana wa chumba, kulikuwa na bamia, bilinganya, mchicha, kotimiri na karoti. Alichomoa karoti moja, akaikung'uta udongo, akampa. Mwalimu alirudi Kapembe na mbegu zilizofungwa katika kipande cha gazeti. Kuanzia hapo nyumba yake ikawa na mboga karibu mwaka mzima, na mipapai ikaota kila mahali watoto walipotema mbegu. Siku ya Uhuru, Desemba 1961, aliwapanga wanafunzi wake kwa gwaride na kila mmoja akapewa kipande cha papai, kwa kuwa biskuti zilizoahidiwa kutoka mjini hazikufika.

Kalunde, mtoto wa mwisho, alizaliwa Februari 1967, mwezi ule ule wa Azimio la Arusha. Ni yeye ambaye mambo ya mwaka 1975 yalimwangukia, na hayo yanahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu bila hayo hamtamjua mama tunayemzika.

Agosti 1974 malori yalifika Kapembe. Watu walihamishiwa hapa Umoja ili wapate shule, zahanati na maji kwa pamoja, na kweli shule ilijengwa na zahanati ikafunguliwa. Lakini mahali penyewe palikuwa peupe. Nyumba zilipangwa kwa mistari, miti yote ilikuwa imefyekwa, na kazi ya kwanza ya kila mtu ilikuwa shamba la tumbaku la kijiji. Miembe, mipera na mipapai ilibaki kule kwenye mahame, au matongo kama tunavyosema sisi, ikizaa bila mchumaji. Kurudi huko kulikatazwa. Mgambo walikaa njiani. Akina mama walitoka tumbakuni jua likizama, wakapika ugali na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyoanikwa juani mpaka yakapoteza rangi. Nsansa ni mboga nzuri, lakini haikutosha kuwa mboga pekee ya mtoto kwa miezi.

Jioni moja ya Machi 1975 Mzee Nikolaus alikaa uani, akamwita Kalunde amletee maji ya kunawa. Mtoto alikuja na kata mkononi kwa adabu zote. Akampita baba yake. Akapiga magoti mbele ya kinu kilichokuwa pembeni na kusema, “Baba, nawa.”

Baba alicheka akidhani ni mzaha. Kalunde akangoja na kata yake. Mwalimu Benedikta, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, hakucheka. Alimwendea, akapitisha mkono mbele ya macho yake, na macho hayakuufuata.

Wenzake Kalunde walikwisha kujua. Jua lilipoanza kushuka walimpigia kelele njiani, “Kuku, ingia bandani, giza hilo.” Naye alikwisha kujifunza kurudi nyumbani mapema na kusema ana usingizi. Mwalimu alipowachunguza watoto wengine, akiwaita uwanjani wakati wa magharibi kwa kisingizio cha mchezo, aliona kwamba waliokuwa wakishikana mikono hawakuwa wakishikana kwa urafiki tu.

Bwana Justus, mganga msaidizi wa zahanati, hakumficha.

“Dawa ya upofu huu wa jioni imekwisha tangu Krismasi, Mwalimu, na sijui italetwa lini. Mpe papai, embe, majani mabichi, karoti ukizipata. Mpe kila siku, siyo Jumapili tu. Na usichelewe. Surua ikimkuta hivi, macho yake siyaahidi.”

Marehemu alikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ambrosi. Mzee Ambrosi yupo hapa leo, na ndiye aliyesema yasimuliwe kama yalivyokuwa.

“Mwenyekiti, mipapai yetu ya Kapembe inaangusha matunda chini. Naomba nikachume.”

“Ukienda wewe leo, Mwalimu, kesho atakwenda jirani yako, kesho kutwa kuna mtu amefuata papai akalala huko huko. Mimi nitamwambia nini Katibu Tarafa?”

“Basi turuhusu tupande hapa, kando ya nyumba zetu.”

“Kiwanja ni cha kijiji. Wewe ni mtu wa hapa hapa, unajua. Mtu akipanda mti, mti ni wake. Mti ukiwa wake, chini yake atapaita kwake. Ngojeni shamba la matunda la kijiji.”

“Linakuja lini?”

“Tukimaliza tumbaku.”

“Na tumbaku inakwisha lini, Mwenyekiti?”

Mwenyekiti alianza kutafuta kalamu mezani.

Nyumbani alikuta ukuta mwingine. Alimwambia mumewe kwamba yuko tayari kupanda mpapai nyuma ya jiko bila ruhusa, aadhibiwe baadaye. Mzee Nikolaus akakataa kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko ya juu.

“Mchicha panda hata sasa hivi. Mpapai sipandi, na nyumbani kwangu haupandwi. Siku nitakapotia mti katika udongo huu nimekubali kwamba Kapembe nimeiacha. Mizinga yangu bado iko juu ya miti kule.”

“Na macho ya mtoto, Baba Kalunde?”

“Usinisukume kwa macho ya mtoto.”

Wanaume wengi wa Umoja walikuwa na neno hilo hilo moyoni. Mwenyekiti alizuia miti kwa kuogopa watu wasidai ardhi, na watu walikataa miti kwa kuogopa kuonekana wameridhika. Katikati walikuwapo watoto waliopapasa kuta jioni.

Mwalimu akashika kilichobaki, yaani shamba la shule. Lilikuwa la tumbaku, kwa mpango wa elimu ya kujitegemea. Alibishana na walimu wenzake mpaka wakamkatia pembe moja karibu na kisima, akapanda mchicha na maboga kwa ajili ya majani yake, na karoti kwa mbegu alizoletewa na Gangaben. Mchicha ulipokuwa tayari alifanya kosa ambalo baadaye aliwaonya walimu wengine wasilirudie. Alisimama darasani akawaeleza watoto kwamba mboga ni dawa ya macho, kisha akawagawia mchana pamoja na ugali. Watoto wakakunja nyuso kama wamepewa kwinini. Waliochuma walinong'ona kwamba Mwalimu anafuga mbuzi wa miguu miwili. Mboga ilikutwa chini ya madawati.

Kalunde naye hakula. Usiku ule mama yake alimwuliza kwa upole, naye akajibu, “Mayu, nikila mbele yao watajua kuku ni mimi.”

Maneno hayo yalimkaa Mwalimu kifuani. Alielewa kwamba amekigeuza chakula kuwa alama ya ugonjwa. Juma lililofuata aliacha kabisa kuzungumza habari za macho. Akaandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao na kuusimika kwenye tuta: KAROTI ZA WALIMU. MWANAFUNZI ASIGUSE. Mchicha wa karanga ukapikwa kwa walimu peke yao, sufuria ikawekwa dirishani upande wa upepo.

Karoti zikaanza kupungua. Mashimo madogo yalionekana kwenye tuta, yamefukiwa kwa mikono ya haraka. Mwalimu alisimama mbele ya mstari asubuhi akiwa amekunja uso.

“Shule hii imeingiliwa na panya. Panya huyu ana vidole, na anaacha majani. Nikimkamata, atanieleza kwa nini hakula na majani yake.”

Watoto wakainama ili wasicheke. Kufikia mwisho wa juma hata majani hayakuonekana. Na miongoni mwa panya wale alikuwamo Kalunde, ambaye kwa mara ya kwanza tangu tuhamie hapa alikuwa na wenzake wa kwenda nao mahali fulani. Mama yake aliona rangi ya machungwa kwenye kucha zake, akageuka kando asionekane anavyofurahi.

Hakumwambia mtu siri hiyo. Hakumwambia Mwenyekiti, wala mumewe, wala Saidi, kijana wa mgambo aliyewekwa kulinda shamba la shule.

Ijumaa, tarehe 11 Julai 1975, magharibi, watoto waliingia tutani walimu walipokwisha kuondoka. Saidi akapuliza filimbi. Wote wakakimbia kuelekea nyumbani kwa njia ya kisima, ambako palikuwa na shimo refu la kuchimba udongo wa matofali. Wenye macho walilizunguka. Kalunde alifuata mlio wa miguu ya wenzake, akaenda moja kwa moja.

Ni Saidi aliyeshuka shimoni na kumtoa. Mtulinga ulikuwa umevunjika na ngozi imepasuka juu ya jicho la kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika karoti. Saidi alimfikisha kwao, akarudia kusema, “Mimi nilipuliza filimbi tu, Mwalimu. Filimbi tu.” Mwalimu alimpokea mtoto, akamwambia, “Najua, mwanangu. Kalete maji.” Kisha akamwambia mumewe kila kitu, kuanzia ule ubao wa karoti. Mzee Nikolaus alisikiliza mpaka mwisho, akaanza kufunga mzigo.

Asubuhi yake Mwenyekiti aliita mkutano ndani ya godauni la tumbaku. Alitaka wazazi wa wezi wasimame. Hakuna aliyesimama. Saidi alikuwa mlangoni na rungu lake, na nje, ukutani, ulikuwapo mzigo wa Mzee Nikolaus ukiwa tayari umefungwa kwenye baiskeli.

Mwalimu Benedikta akainuka.

“Mwenyekiti, wezi ni wangu. Karoti zile nilizipanda ili ziibiwe.”

Minong'ono ikapita. Mama mmoja nyuma akasema, “Wa kwangu ukimwekea mboga mezani anazira, kumbe huko anaiba?” Watu wakacheka, na kicheko kikakatika walipomtazama Mwenyekiti.

“Mwalimu wa serikali anafundisha wizi,” alisema Mzee Ambrosi. “Nikiliandika hili wilayani, Jumatatu huna darasa.”

“Liandike. Atakayekuja badala yangu mwambie kwamba watoto hawa jioni hawaoni. Asingoje mpaka wa kwake aanguke ndipo aamini. Mimi nilingoja kuwaambia ninyi, na wangu ameanguka.”

Hapo Mzee Nikolaus akasimama. “Mimi sina maneno mengi. Namrudisha mwanangu Kapembe. Mwenye kunifunga anifuate huko anikute namlisha papai.”

“Hutoki,” alisema Mwenyekiti.

“Natoka.”

Saidi akahamisha rungu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Waliokuwapo wanasema godauni zima liliwasikia wale wawili wakipumua. Mwalimu alikuwa amesimama kati yao, mume wake upande mmoja na serikali ya kijiji upande wa pili, na wote wawili walikuwa wamekwisha kusema jambo lisiloweza kurudishwa. Aliuliza kwa sauti ya darasani, kana kwamba somo linaendelea.

“Mwenyekiti, mtu akipanda mti, mti ni wa nani?”

“Wa aliyepanda. Tumekwisha kulisema hilo.”

“Na mtoto akipanda?”

Mzee Ambrosi akasema, “Mtoto hana kiwanja.”

“Hana. Hawezi kudai ardhi ya kijiji. Lakini mti anao?”

“Mti…” Mwenyekiti alitazama wazee waliokaa mbele. Mmoja wao akatikisa kichwa kukubali. “Mti ni wake.”

Akamgeukia mumewe. “Baba Kalunde, mtoto akipanda mti wake, wewe umepanda?”

Wanaume waliokuwa na neno lake moyoni walimtazama yeye, maana alikuwa anawajibia wote.

“Mimi sijapanda,” alisema Mzee Nikolaus. “Na mtu asije akasema nimepanda.”

Ndivyo ilivyokubaliwa. Kila mtoto wa shule angepanda mti mmoja wa matunda kando ya nyumba ya wazazi wake, mali ya mtoto, na kijiji kisipahesabu hapo kama kiwanja. Miche na matunda vingefuatwa Kapembe siku moja, na wanafunzi wakubwa pamoja na mwalimu wao, Saidi akiwasindikiza. Mzigo wa Mzee Nikolaus ulifunguliwa, ingawa alikataa kwenda katika safari ile. Alisema akifika hatarudi, na Mwalimu hakumshurutisha.

Jumatatu, tarehe 14 Julai, walikwenda. Kalunde alipakiwa kwenye baiskeli ya Saidi, mkono ukiwa umefungwa shingoni. Walikuta mapaa yamebomoka na nyasi zimeingia ndani ya nyumba, lakini chini ya mipapai miche midogo ilikuwa imejaa, na matunda ya njano yametobolewa na ndege. Walikula wakiwa wamesimama. Kalunde alikula akiwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yao, juisi ikichuruzika kwenye kitambaa cha mkono.

Jua lilipoanza kupinda, Mwalimu alitoa amri ya kubeba. Wasichana walibeba. Baadhi ya wavulana wakubwa walikuwa wamekaa kila mmoja mlangoni mwa kwao, hawainuki.

“Mwalimu, sisi tunabaki. Hapa ni kwetu.”

Saidi alimtazama Mwalimu, akingoja aambiwe la kufanya. Wakibaki wao, wazazi watawafuata, na ruhusa ya miti itakufa jioni ile ile. Wakiburutwa, hakuna atakayepanda kitu. Nyuma ya mgongo wake ilikuwa nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. Alitembea mlango hadi mlango, akamwinamia kila mmoja na kumwekea mche miguuni.

“Hata mimi hapa ni kwetu,” alimwambia kila mmoja. “Beba mche wako. Giza likitukuta njiani, wapo ambao hawataona.”

Wakainuka mmoja mmoja. Walipofika Umoja bado kulikuwa na mwanga.

Miti ile ikapandwa. Mtu akiwa na mti wake ni mtu mwingine, hata akiwa na miaka minane. Watoto walipimana urefu wa mipapai kila asubuhi, wakagombana juu ya nani ameiba majani ya nani. Wakati matunda hayajatoka, Mzee Ambrosi alimruhusu Saidi kuleta kikapu cha mapapai ya Kapembe kila juma, na tuta la shule likapanuliwa. Ubao wa karoti ulibaki, maana watoto walikataa uondolewe. Mzee Nikolaus alikuwa akimwaga maji ya kunawia nyuma ya jiko, palepale kwenye mpapai wa Kalunde, kila jioni. Jirani alipomwuliza alijibu, “Namwaga maji machafu. Niyamwage wapi?”

Surua ilikuja Januari 1976. Haikutuacha salama, na wapo hapa wazazi wanaojua hivyo kuliko tuwezavyo kusema. Kalunde aliugua karibu mwezi mzima. Jicho la kushoto lilibaki na kovu, nalo halioni vizuri mpaka leo. La kulia lilipona. Bwana Justus alimpima wakati wa magharibi kwa kumwambia achague punje za mahindi meupe na ya njano juu ya mkeka, naye mtoto akazitenga zote. Mwalimu alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya zahanati, akafunika uso kwa kanga.

Alisema mara nyingi baadaye kwamba hila yake ilimvunja mtoto mtulinga, na kwamba siri ndiyo iliyokuwa mbaya, siyo karoti. Kuanzia mwaka 1977 alipita katika shule za vijiji vya Sikonge, na mara mbili alialikwa Ulyankulu, akiwashauri walimu wampe kila mtoto mti wake mwenyewe, wasimlishe mboga kama dawa, na wawaambie wazazi. Aliendelea kufundisha darasa la kwanza hapa Umoja mpaka maradhi yalipomwondoa.

Alianza kuumwa Novemba 1983. Alilazwa hospitalini Tabora mara mbili, ikaonekana ni saratani ya ini. Bibi Gangaben, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alifika kila siku na bakuli, na mgonjwa alipogeuzia uso ukutani alimwambia, “Mwalimu mzima unazira chakula. Nikuandikie ubao?” Mgonjwa akacheka, akameza vijiko viwili. Mei mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani.

Jumanne, tarehe 19 Juni, hali yake ilibadilika. Mzee Nikolaus alikuwa kwenye mizinga yake ng'ambo ya mbuga, na mgonjwa akamwulizia. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mafuta ya taa hayakuwapo nyumba yoyote ya jirani, na wanaume wenye baiskeli walikuwa bado hawajarudi kutoka Sikonge. Kalunde, ambaye sasa ana miaka kumi na saba, alijifunga kanga kiunoni. Shangazi zake wakamzuia mlangoni, wakisema aende mtu mwingine, yeye ana jicho moja, njia ya mbuga ina mashimo, giza hilo.

Mwalimu alikuwa amelala macho yamefumba. Akasema kutoka kitandani, bila kunyanyua kichwa, “Mwacheni. Anaona.”

Kalunde akaenda peke yake, akarudi na baba yake. Mzee Nikolaus alikaa kando ya kitanda akamshika mkono, nao wakazungumza mambo ya kwao. Mwalimu Benedikta alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 20 Juni 1984, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, mumewe na binti yake wakiwa pale.

Ameacha mume, Mzee Nikolaus Masolwa, watoto wanne, Masele, Kashindye, Shilinde na Kalunde, wajukuu watano, dada yake mmoja huko Igalula, rafiki yake Bibi Gangaben wa Tabora, na wanafunzi wa Umoja, ambao tangu asubuhi wamekuwa wakichuma kwenye miti yao na kuwaletea wageni.

Bwana ampe raha ya milele. Pumzika sasa, Mwalimu. Watoto wamekula.